Barua Ndani ya Mzinga

Doa lilikuwa dogo, halikuzidi kifungo cha shati la mtoto, lakini Dina alipoliona kwenye kitambaa alikaa ukingoni mwa kitanda.

Ilikuwa siku ya thelathini na nane tangu apasuliwe kule Mwanza. Kwa siku kumi mfululizo kitambaa kilikuwa kikitoka safi, na yeye alikuwa ameanza, kwa woga woga, kujiruhusu kuamini. Jana hata alikuwa ameburuta cherehani yake kutoka kona ya sebule mpaka dirishani, ili akae tu karibu nayo, maana fundi akikaa mbali na cherehani mwezi mzima anaanza kujiona mgonjwa hata asipokuwa mgonjwa. Sasa damu ilikuwa imerudi.

"Imebaki," alijiambia. Hakusema ni nini kilichobaki. Hakuna haja ya kulitaja jina la kitu ambacho mtu analala nacho na kuamka nacho.

Daktari wa Mwanza hakuwa amemficha. Siku ya kuruhusiwa alivuta kiti karibu na kitanda chake akamwambia, "Dina, tumetoa kizazi chote pamoja na mlango wake. Tulichokitoa kinakwenda maabara. Huko ndiko tutakakojua kama saratani yote imetoka, au kuna mahali ilijificha. Majibu tutayatuma hospitali ya kwenu Mpanda." Tangu siku hiyo Dina alikuwa mtu wa kusubiri. Kila asubuhi alimwuliza mumewe, "Hawajapiga simu?" Na kila asubuhi Selestine alijibu, "Bado," huku ameinama anatafuta kiatu. Mtu mwenyewe ana jozi mbili tu za viatu, sijui kila siku alikuwa anatafuta kipi.

Na kulikuwa na jambo lingine, lililomchoma Dina kuliko mshono. Wiki za mwanzo Selestine alilala pembeni yake, kwa tahadhari, bila kumgusa tumbo, lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mkewe mpaka asubuhi. Halafu jioni moja, bila neno, alichukua mkeka akautandika sebuleni. "Usije ukaumia nikigeuka," alisema. Dina alikubali kwa mdomo. Moyoni alijua mwanamume hahamii mkekani wiki ya nne kwa ajili ya mshono ambao wiki ya kwanza haukumtisha. Alikuwa ameolewa miaka minne, hajabeba mimba hata moja, na sasa hata tumaini la kubeba lilikuwa limekatwa na kutiwa kwenye chupa. Alijiangalia kwenye kioo kidogo cha ukutani akajiuliza mwanamume anaona nini siku hizi akimtazama.

Mama mkwe aliingia na uji. Mama Lusia alikuwa ametoka Ugalla kuja kumwuguza, na hakuna aliyeweza kumsingizia uvivu. Alipika, alifua, alichota maji, alimkataza Dina kuinua hata birika. Lakini kila siku, baada ya kumpa uji, alileta na maneno yake.

"Umelala salama, mwanangu?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nilikuwa nafikiri. Barabara ya kwenda Sibwesa kipindi hiki imekauka, gari inapita vizuri. Ungeenda kwa mama yako ukapumzike."

"Nikapumzike mpaka lini, mama?"

"Mpaka upone."

"Na nikishapona?"

Mama Lusia alikoroga uji ambao ulikuwa umeshakorogwa. "Ya mbele anayajua Mungu," alisema, akatoka.

Dina alikunja kile kitambaa akakificha chini ya mto. Hakumwambia mtu. Alimngoja Mama Lusia aende kisimani, akajifunga kanga mbili, akatoka barabarani na kusimamisha bajaji.

"Hospitali," alimwambia dereva. "Lakini kaka, nenda taratibu. Nina mshono."

*

Sista Agape alikuwa muuguzi wa kliniki ya akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye ndiye aliyeugundua ugonjwa wa Dina mwanzo kabisa na kumwandikia rufaa ya kwenda Mwanza. Alimpima kwa utulivu, akavua glavu, akanawa mikono muda mrefu mpaka Dina akashindwa kungoja.

"Sista, imerudi?"

"Kwanza niambie. Jana ulifanya kazi gani?"

"Sijafanya kazi."

"Dina."

"Nilisogeza cherehani."

"Ile ya chuma? Ya miguu?" Sista Agape alikaa. "Wewe mtoto wewe. Huko ndani una mshono mwingine ambao huuoni, na wenyewe haujakauka. Ukivuta kitu kizito, mshono huo unavuja damu. Hiyo damu ni kidogo na haina harufu, homa huna. Ikizidi, ikilowesha kitambaa, unakuja siku hiyo hiyo, hata kama ni sikukuu. Umenielewa?"

"Kwa hiyo siyo saratani?"

"Hii damu naona ni ya cherehani. Ile habari nyingine mimi kwa macho siwezi kuisema, hiyo ni ya maabara." Akavuta daftari lake kubwa. "Kwani daktari aliwaambia nini baada ya majibu?"

"Majibu gani, sista? Bado hayajaja."

Sista Agape aliinamia daftari. Alifunua kurasa mbili nyuma, akaweka kidole, na Dina akauona uso wake ukibadilika, uso wa mtu aliyekanyaga mahali asipotakiwa.

"Bahasha ilikuja hapa imefungwa, ina jina lako," alisema taratibu. "Mumeo alikuja akasaini. Leo ni siku ya kumi na moja."

Dina aliutazama mwandiko. Herufi ya S kubwa, imeinama kulia, ile ile aliyoizoea kwenye vibandiko vya chupa zao za asali. Siku kumi na moja. Hakuhitaji kuhesabu. Siku ya kumi na moja nyuma ndiyo siku mkeka ulipotandikwa sebuleni.

"Huenda alisahau," alisema Sista Agape, kwa sababu mtu lazima aseme kitu.

"Sele hasahau," alijibu Dina. Njia nzima ya kurudi nyumbani, mtaa wa Shanwe, hakusikia mashimo ya barabara. Jambo moja tu lilizunguka kichwani mwake. Amesoma kwamba ninakufa, na ndiyo maana ananikimbia.

*

Selestine alikuwa uani, amekalia gogo, anachonga mzinga kwa tezo. Mizinga mitatu iliyokamilika ilikuwa imelazwa kando ya ukuta, imeshafungwa vifuniko, ikisubiri kupelekwa Ugalla. Mwezi huu angetakiwa awe kambini na wenzake, porini, anashusha asali. Alikuwa amebaki kwa ajili yake. Dina alimtazama kwa nyuma, shingo ile nyembamba yenye makovu ya nyuki, mabega yale, na hasira aliyokuja nayo ikachanganyika na tamaa ya kwenda kuweka shavu pale pale. Mapenzi hayana adabu, huja hata pale mtu anapotaka kugomba.

"Umetoka wapi?" Selestine aliinuka haraka. "Mama amekutafuta, sasa amerudi tena kisimani. Mbona umetembea peke yako?"

"Nimetoka kwa Sista Agape."

Tezo likashuka taratibu mpaka likagusa ardhi.

"Nimeona damu leo asubuhi, Sele. Nikaenda peke yangu kwa sababu sikutaka kukuogopesha. Si unaona ujinga wangu? Mimi nakuficha doa, wewe unanificha bahasha."

"Damu? Damu nyingi?" Alikuwa ameshafika mbele yake, mikono imeinuka, haijui pa kushika. "Dina, amesema nini? Imekuwaje?"

"Usinishike. Nijibu kwanza. Iko wapi?"

Macho yake yalikwenda yenyewe kwenye mzinga wa katikati, kisha yakarudi. Mwongo mbaya kuliko huyu Shanwe nzima hapakuwa na mwingine.

"Umeiweka kwenye mzinga," alisema Dina, na sauti yake ikapasuka. "Roho yangu umeitia kwenye mzinga ukaifungia. Ulisoma, ukaona nakufa, ukahamia mkekani. Mama yako naye kila siku Sibwesa, Sibwesa. Kumbe wote mnajua. Mnangoja nini? Mnangoja niondoke nikafie kwetu ili msipate shida ya kunibeba?"

"Sijaisoma."

"Usinidanganye tena."

"Haki ya Mungu, Dina, sijaifungua. Nenda kaangalie. Gundi yake bado iko vile vile." Selestine aliketi tena kwenye gogo. "Niliisaini nikaitoa nje, nikakaa pale kwenye benchi la wagonjwa mpaka saa sita. Nikasema nikiifungua na mbaya imo, nitaingiaje nyumbani na uso huu? Wewe unanisoma. Nikikushika mkono tu unajua nilichokula mchana. Ndiyo maana nilihama. Ningelala karibu na wewe usiku mmoja na ile bahasha kichwani, ningekwambia kabla hujauliza."

Dina alisimama. Jambo alilolibeba kwa siku kumi na moja, kwamba mumewe amemchoka, lilikuwa limetoka mikononi mwake ghafla, na hakujua aweke nini mahali pake.

"Kwa nini usiniambie basi? Ina jina langu."

"Mimi ndiye niliyemkataza."

Mama Lusia alikuwa amesimama mlangoni, ndoo ya maji bado iko kichwani. Aliitua, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Usimlaumu peke yake. Alikuja kwangu na hiyo barua anatetemeka. Nikamwambia, mtu aliye kambini hapelekewi habari mbaya. Nyie watu wa Sibwesa mnalima, hamjui. Kwetu mwanamume akiwa porini, hata mama yake akifa, hatumwambii. Yuko juu ya mti, moshi mkono mmoja, nyuki wamemzunguka. Ukimpa habari, mkono utatetemeka, na mtu akitetemeka kule juu hashuki kwa miguu yake. Tunangoja atoke. Akifika nyumbani anakalishwa chini, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Baba yake huyu alizikiwa mama yake siku ya tatu, yeye kajua siku ya tisa. Na hakutulaumu."

"Lakini mimi siko porini, mama. Niko kwangu."

"Una kidonda tumboni. Nikasema mpaka kikauke, uko juu ya mti."

"Na Sibwesa je? Hiyo nayo ni kambi?"

Mama Lusia alitazama ndoo. Alipojibu, sauti ilikuwa ndogo. "Dada yangu aliondoka na ugonjwa huu huu. Niliona mwisho wake. Nikaona ukienda kwa mama yako, basi mwanangu hataona." Kisha akasema lililobaki, maana hakuwa mwanamke wa kusema nusu. "Na wajukuu pia niliwataka. Sitakudanganya."

Nyumba ya jirani redio ilikuwa inapiga muziki wa vijana, na kuku walikuwa wanachakura maganda ya gogo miguuni kwao. Dina alisikia woga ukimpanda kutoka tumboni, mahali pale pale palipokuwa pametolewa kitu, woga wenye baridi, na akajua kwamba akiingia ndani sasa bila kujua, hatatoka tena akiwa mtu kamili. Hakuweza kusubiri zaidi ya hapo. Alivua ndala moja, kisha nyingine, akajishika kiuno, na taratibu, kwa maumivu, akakaa chini kwenye udongo wa ua.

"Dina, unafanya nini? Inuka," Selestine alisema. "Mshono."

"Nimetoka porini," alisema Dina. "Nimeshuka. Nimekaa chini. Nipeni maji, halafu mniambie."

Selestine alimtazama mama yake. Maji ya kumpokea mtu aliyetoka kambini hayachotwi na yeyote tu. Huyaleta mwanamke wa nyumba anakorudi mtu huyo, na kwa kuyaleta anasema mbele ya watu kwamba huyu ni wetu, na habari yake, iwe yoyote, ni yetu. Dina aliyajua hayo kwa kusimuliwa tu, na alipoyaomba hakuwa na hakika kama atapewa.

Mama Lusia alichukua kata, akaichovya kwenye ndoo, akaja akapiga magoti mbele ya mkwewe, yeye na miaka yake sitini na mbili, akamshikia kata mdomoni kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Kunywa taratibu."

Dina akanywa. Maji yalimwagika shingoni. Selestine aling'oa kifuniko cha mzinga wa katikati, akaingiza mkono, akatoa bahasha iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alikuja akakaa chini naye, bega kwa bega, akaifungua. Ilinukia nta. Ndani mlikuwa na karatasi mbili, moja ya Kiingereza yenye mihuri, na nyingine fupi, ya mkono, kwa Kiswahili. Alijaribu kusoma, akashindwa, akampa mkewe. Dina akaisoma kwa sauti, neno baada ya neno.

"Ndugu Dina. Kingo za sehemu tuliyokata ni safi, hatukuona saratani hapo. Tulitoa na tezi kumi na nne zilizo karibu. Tezi kumi na tatu ni safi. Moja ina saratani."

Akasimama hapo. Mama Lusia alikuwa ameshika kata kifuani.

"Endelea," alisema Selestine. Mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani ya mkono wa mkewe, na Dina hakujua ni saa ngapi umeingia.

"Kwa hiyo upasuaji peke yake hautoshi. Unahitaji mionzi, na tungependa uanze kabla wiki nane hazijaisha tangu siku ya upasuaji. Tafadhali usichelewe."

Selestine aliinamisha kichwa. "Siku kumi na moja," alisema. "Nimekula siku zako kumi na moja."

"Leo ni ya thelathini na nane. Wiki nane ni hamsini na sita. Tunazo kumi na nane." Dina alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa imetulia. "Sele, ile moja waliitoa. Iliyotoka imetoka. Ninachouliza, kuna nyingine humu ndani?"

"Barua haisemi."

"Haisemi."

"Labda hata wao hawajui."

Hapo ndipo Dina alipolia. Hakulia kwa kelele. Alilia kwa sababu alikuwa amedhani barua itamwambia utaishi au utakufa, na yenyewe ilikuwa imemwambia twende. Alimlalia mumewe begani, pale penye makovu ya nyuki, na Selestine akamkumbatia kwa mikono yake mirefu bila kumgusa tumbo, naye akilia waziwazi mbele ya mama yake.

"Naogopa, Sele. Naogopa sana."

"Hata mimi. Nilidhani nikiificha nitaogopa peke yangu. Kesho alfajiri tunapanda basi."

"Na kambi?"

"Nyuki hawana haraka na mimi."

"Na mtoto je? Sitakuzalia. Hilo halina barua, tunalijua."

Alichukua muda kujibu, na Dina alimshukuru kwa huo muda, maana jibu la haraka lingekuwa la uongo. "Linaniuma," alisema. "Litaniuma nikiwa na wewe. Sitaki liniume nikiwa na mtu mwingine."

Mama Lusia alijikohoza. Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, wakamsikia akisogeza vitu sebuleni. Aliporudi alikuwa amebeba mkeka wa Selestine chini ya kwapa, ule ambao mwanawe alikuwa ameulalia siku zote hizo. Alipita mbele yao bila kuwatazama, akautandika juani karibu na ukuta, akaleta beseni la mihogo iliyomenywa, akaanza kuianika juu yake, kipande kimoja kimoja, mpaka mkeka wote ukajaa na pasibaki mahali pa mtu kulala.

"Mama," alisema Selestine, "na mimi nitalala wapi?"

"Mwulize mkeo," alijibu Mama Lusia, amewapa mgongo. "Mimi nina mihogo yangu hapa."

Dina alijifuta macho kwa kiganja, akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi bila kutafuta kitu usoni mwake.

"Upande wa kulia," alimwambia. "Kushoto bado kunauma."